Nataka fidla yangu mwenyewe kwenye sinthesaiza. Nianzie wapi?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu hapa Tanga. Kinanda ni mali ya kikundi, na kila sauti iliyomo watu wameshaisikia kwa wapigaji wengine. Nimepata laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, nikashusha programu ya bure ya sinthesaiza, ile inayounda sauti yenyewe. Sauti za tayari zinapiga vizuri, lakini nikianza kuzungusha nobu (vile vitufe vya kuzungusha) ili nipate fidla yangu, ama inalia kama mbu ama inapotea kabisa. Tena nikibonyeza kinanda, sauti inachelewa kutoka. Rafiki yangu aliyesoma kompyuta anasema bila hesabu na kuandika kodi (maagizo ya kompyuta) sifiki popote. Mwingine anasema programu ni za kuchezea, ninunue mashine yenyewe, na ana mtu anayeuza. Wa tatu ameniletea flashi yenye programu kubwa za studio kwa elfu thelathini. Nianzie wapi? Na hivi vitu vinaweza kupiga maqamu zetu, hizo ngazi za noti za taarabu?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini naona wasiwasi mmoja chini yake: unahofia kuna kitu wenzako wanacho na wewe huna, iwe hesabu, mashine au hiyo flashi, na bila hicho utabaki kupiga sauti za watu. Sivyo. Unachokosa ni utaratibu wa kuisikiliza sauti kipande kwa kipande, na huo unaweza kuuanza leo kwa vifaa hivyo hivyo ulivyo navyo.

Tuwamalize kwanza marafiki. Huyo wa kompyuta ana ukweli wake, maana wapo wanaotengeneza muziki kwa kuandika kodi. Programu ya Sonic Pi, aliyoianzisha Sam Aaron akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, ni ya bure na ilikusudiwa wanafunzi. Ukiandika play 60 inakupigia noti ya C ya katikati ya kinanda. Ni nzuri, na hamu ikikujia ijaribu. Lakini kutengeneza sauti kwa nobu na masikio ni kazi nyingine, na hesabu yake haizidi kujua kwamba noti ya A ya 440 Hz (mitetemo 440 kwa sekunde) ikipanda oktava moja inakuwa 880.

Flashi mrudishie mwenyewe. Programu zilizovunjwa kufuli ndiyo njia rahisi ya kuingiza virusi kwenye laptopu, na usiku wa shughuli ndipo utakapojua. Halafu huzihitaji. Sinthesaiza ya Surge XT ni ya bure kabisa na kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma. Nyingine, Vital, ina toleo la bure linalokutosha, ila inahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi kwa sababu ya michoro yake mingi inayocheza kwenye kioo. Ukitaka kupanga wimbo mzima, LMMS ni ya bure. FL Studio inayopendwa na maprodyuza wengi ina toleo la majaribio linalokuruhusu kutoa wimbo uliokamilika, lakini kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena mpaka uwe umelipia.

Kuhusu mashine yenyewe nitasema wazi faida zake. Kila kazi ina nobu yake ya kushika kwa vidole, haigandi katikati ya wimbo, na jukwaani, penye joto, vumbi na umeme unaokatika, ninaiamini kuliko laptopu ya mtumba. Ukifika wakati wa kupiga sauti zako mbele ya watu, tutazungumza habari ya kununua. Kwa kujifunza usinunue kitu sasa. Programu inakuonyesha umbo la sauti kwa macho, inahifadhi kila jaribio, na ukiharibu unaanza upya kwa kubonyeza mara moja. Singeli ya Dar es Salaam, yenye mwendo unaoweza kupita mapigo 200 kwa dakika, imetengenezwa kwenye kompyuta za kawaida za mitaani na leo inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Hiyo GB 4 isikuvunje moyo. RAM kubwa inahitajika na programu zinazobeba rekodi za ala halisi. Sinthesaiza haibebi rekodi, inaikokotoa sauti papo hapo, kwa hiyo mzigo wake mkubwa uko kwenye prosesa.

Sasa kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Inajaza fungu zima kwenye bafa, yaani ghala dogo la muda, kisha inalitoa. Kwa kasi ya kawaida ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inakuchelewesha takriban milisekunde 23, na kuna ucheleweshaji mwingine unaoongezeka juu ya huo. Ukishusha hadi 256 unabaki na kama 6. Kwa hiyo ingia kwenye mpangilio wa sauti wa programu, kama unatumia Windows weka draiva ya aina ya ASIO, programu ndogo inayoharakisha njia ya sauti (ipo ya bure iitwayo ASIO4ALL), kisha shusha bafa hatua kwa hatua mpaka sauti ianze kukatika, urudi hatua moja juu. Na kama unasikiliza kwa hedfoni za bluetooth, ziache kwa kazi hii. Hizo peke yake zinaweza kuchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa itakayoziponya. Tumia za waya.

Kama hujakiunganisha kinanda cha kikundi na laptopu, angalia nyuma yake. Vingi vina tundu la USB la mraba, lile lile la waya wa printa. Kupitia waya huo kinanda hakipeleki sauti. Kinapeleka taarifa tu: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini. Ndiyo lugha ya MIDI, iliyokubaliwa na watengenezaji mwaka 1983, na ndiyo maana kinanda cha kampuni moja kinaweza kuendesha programu ya kampuni nyingine kabisa.

Tuje kwenye fidla.

Mpiga fidla akikokota noti ya A ya 440, waya unatetema mara 440 kwa sekunde. Lakini waya huo huo unatetema pia kwa 880, kwa 1,320, kwa 1,760, na kuendelea juu, kila mtetemo kwa nguvu yake. Hizi ni hamoniki. Sikio halizisikii kama noti nyingi. Linazikusanya na kukupa noti moja yenye rangi. Fidla na filimbi zikipiga A ile ile, kimo cha noti, yaani ilivyo juu au chini, ni kimoja, ila mgawanyo wa hamoniki ni tofauti, na pia jinsi sauti inavyoanza na kufa.

Osileta ya sinthesaiza, sehemu inayotoa mtetemo wenyewe, ndiyo inayokupa malighafi kwa mawimbi ya maumbo mbalimbali. Wimbi la sini lina mtetemo mmoja tu, halina hamoniki ya juu yake. La msumeno linazo zote, zikipungua nguvu kadiri zinavyopanda. La mraba linazo za namba witiri peke yake, ya 1, ya 3, ya 5, ndiyo maana linatoa sauti ya mvungu kama klarineti. La pembetatu nalo ni la witiri, lakini hamoniki zake zinapungua haraka sana, na linafaa kuanzia filimbi au nai.

Fidla na msumeno wana udugu wa kweli. Upinde unanata kwenye waya na kuuvuta, waya unachomoka na kurudi ghafla, unanata tena, na hivyo hivyo mamia ya mara kwa sekunde. Ukichora mwendo huo kwenye karatasi unapata meno ya msumeno. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliueleza katika karne ya 19, zamani kabla ya sinthesaiza yoyote. Kwa hiyo ukitafuta fidla, anza na msumeno.

Lakini msumeno mtupu unakereketa masikio, hasa oktava za juu. Huyo ndiye mbu wako. Hapo inaingia filta. Fanya jaribio hili sasa hivi: sema "aaa" kwa sauti moja, kisha sogeza midomo polepole mpaka iwe "uuu". Noti haikubadilika, ila mng'ao umepungua. Filta ya kupitisha sauti za chini inafanya kazi inayofanana na hiyo. Nobu yake kubwa, iliyoandikwa Cutoff, inaweka mpaka: hamoniki zilizo juu ya mpaka zinapunguzwa. Nobu ya pili, Resonance, inavimbisha sauti iliyo pale pale mpakani. Ukiizidisha, filta inaanza kupiga mluzi wake yenyewe, na mbu anarudi kwa mlango mwingine. Kwa fidla iache chini kabisa au karibu na hapo. Na kabla hujaigusa, punguza sauti ya spika kwanza, kwa sababu inaweza kuruka ghafla.

Kipande cha tatu ni mwendo wa sauti ndani ya muda, na kinaendeshwa na envelopu yenye herufi nne: A, D, S, R. A ni muda wa sauti kupanda tangu ubonyeze. D ni muda wa kushuka baada ya kilele. R ni muda wa kufifia baada ya kuachia. Wanafunzi wengi hukwama kwenye S wakidhani nayo ni muda. S ni kiwango: sauti itabaki na nguvu kiasi gani wakati kidole bado kimeshikilia. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ikidonolewa haina S. Unaweza kushikilia ufunguo mpaka kesho, waya umeshanyamaza. Fidla ina S kubwa, kwa sababu upinde unaendelea kuulisha waya nguvu.

Hapo tunaweza kueleza kwa nini sauti yako inapotea. Mara nyingi ni mojawapo ya haya: umeshusha mpaka wa filta mpaka hata noti yenyewe ikazuiwa, umeweka A ndefu, nawe unaachia kidole kabla sauti haijapanda, umeweka S sifuri na D fupi, au umezima osileta bila kujua. Fuata njia ya sauti kwa mpangilio wake, osileta, filta, kisha envelopu ya nguvu, na utampata mhalifu. Mpangilio huo ndio wa sinthesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970, iliyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia ili mwanamuziki asihangaike na kuchomeka waya kati ya vipande, na programu nyingi za leo bado zinaufuata.

Sasa kaa na laptopu. Surge XT ina sauti tupu iitwayo Init Saw. Vital ina amri ya kuanza upya kwenye menyu yake. Anzia hapo kila mara, usianzie kwenye sauti ya mtu iliyokwisha kujaa mambo. Weka osileta mbili za msumeno. Moja ipandishe senti 6, nyingine ishushe senti 6 (senti 100 ni nusu toni moja). Shikilia noti ya A: utasikia sauti inapepea taratibu, kama mara 3 kwa sekunde. Ni kwa sababu mitetemo miwili iliyokaribiana inapishana, mara inasaidiana, mara inazimana. Fidla nne za taarabu zikipiga pamoja haziwi kwenye noti ile ile hasa, na huo upana unaoupenda kwenye okestra kubwa unatokana kwa sehemu kubwa na tofauti hizo ndogo. Ukitaka fidla moja peke yake, zima osileta ya pili.

Chagua filta ya kupitisha za chini, shusha mpaka wake ukisikiliza, usimame pale ukali unapoondoka na uhai ukiwa bado upo. Usitafute namba, namba itabadilika kwa kila spika. A ya envelopu iweke karibu na milisekunde 100 hadi 150, S juu, R kama milisekunde 300. Kisha tafuta LFO. Ni osileta ya polepole, isiyosikika yenyewe, ambayo kazi yake ni kutikisa vitu vingine. Ielekeze kwenye kimo cha noti, kasi kama 5 kwa sekunde, kiasi kidogo sana, na uicheleweshe nusu sekunde. Msikilize mpiga fidla: noti fupi hatikisi kidole, noti ndefu anaanza kutikisa baada ya kuituliza. Ucheleweshaji huo mdogo ndio unaoifanya sauti iache kuwa ya king'ora. Mwisho, fanya nguvu ya kubonyeza ifungue filta: ukibonyeza kwa nguvu iwe angavu zaidi, ukigusa kwa upole iwe nyeusi. Bila hilo, noti zote zitakuwa na uso mmoja, na ndiyo sababu fidla nyingi za kinanda hazina uhai hata zinapofanana sana na fidla.

Nikuambie ukweli pia: hutapata fidla ambayo mtu ataapa ni ya mbao. Ubao wa fidla una milio yake inayobaki pale pale noti inapopanda na kushuka, na filta moja haiwezi kuiga hilo vizuri. Mimi naona si hasara. Tanga yenyewe imekuwa jasiri katika jambo hili tangu zamani. Vikundi vyake vya taarabu, Black Star na Lucky Star, walipunguza okestra, wakashika magitaa ya umeme na kuleta midundo ya ngoma, na taarabu ikasonga mbele. Tafuta sauti inayofanya kazi ya fidla, inayojibu sauti ya mwimbaji na kubeba kiitikio, na iwe yako.

Usizidharau sauti za tayari. Mwaka 1983 Yamaha walipotoa sinthesaiza ya DX7, iliyojengwa juu ya ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, kuitengenezea sauti mpya ilikuwa kazi ngumu kiasi kwamba wanamuziki wengi wakubwa walipiga zile za kiwandani, na sauti ya piano yake imejaa kwenye nyimbo za mapenzi za miaka hiyo. Zitumie kama mwalimu. Fungua sauti unayoipenda, zima mwangwi na mapambo yote, zima osileta moja, fungua filta yote, usikilize kilichobadilika kila hatua. Jioni moja ya kuivunja sauti moja vizuri inafundisha kuliko wiki ya kuzungusha nobu ovyo.

Umeuliza maqamu, na hapa nafurahi, kwa sababu wapigaji wengi wa kinanda wameziacha zile zenye robo toni na kubaki na zinazokaa kwenye funguo za kawaida, kama Nahawandi na Hijazi. Jibu ni ndiyo, vinaweza. Bayati ya D inataka E iliyo kati ya E na E flati, yaani E iliyoshushwa karibu senti 50. Rasti ya C inataka E na B zishushwe hivyo. Surge XT na Vital zote zinapokea mafaili ya mizani yanayopanga kila noti upya, na vinanda vingi vya soko la Kiarabu vina ukurasa wa kushusha kila moja ya noti 12 kwa senti. Angalia hata hicho cha kikundi, huenda uwezo huo umo ndani na hakuna aliyeufungua. Ila usiiamini namba 50 kama amri. Wapigaji huiweka E ya Bayati juu kidogo au chini kidogo, kufuatana na wimbo na mahali noti inakoelekea.

Kwa hiyo hapo ndipo maandishi yangu yanapofika mwisho wa uwezo wake, na unahitaji mtu aliyekaa mbele yako. Mtafute mzee wa fidla au udi, Tanga hawakosekani, umwombe ashikilie hiyo E huku wewe unapandisha na kushusha senti mpaka zipatane. Ukiweza kuvuka bahari, Dhow Countries Music Academy ya Unguja, iliyoanzishwa 2002, imekuwa ikifundisha taarabu na ala zake. Wasiliana nao kwanza ujue ratiba. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa, kwa anayetaka kusoma muziki kwa upana.

Kinanda cha kikundi kikianza kukoroma au kuzima, usikifungue mwenyewe. Sehemu ya umeme inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo hiyo ni kazi ya fundi. Na masikio yako yalinde kuliko laptopu. Kutengeneza sauti kunakufanya urudie noti moja kali saa nzima ndani ya hedfoni bila kujijua. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda saa hizo zinapungua haraka sana. Wewe tayari unakaa mbele ya spika za ukumbini usiku wa harusi. Piga hedfoni kwa sauti ndogo, pumzika kila baada ya muda, na ukisikia mlio masikioni unaoendelea hadi siku ya pili, au sauti kama zimefunikwa pamba, usisubiri uone kama vitapita. Nenda hospitali uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo.